Resi Inayokwama na Maneno Yanayokwamisha: Uhakiki wa Istilahi za Kijitabu cha Pikipiki

1. Utangulizi

Kazi ya kuunda na kusanifu istilahi aghalabu hupimwa kwa wingi wa maneno yaliyotolewa. Orodha ikiwa ndefu husemwa kwamba kazi imekwenda vizuri. Makala haya yanakusudia kutumia kipimo kingine, nacho ni hiki: je, mtu aliyezisoma istilahi hizo ataweza kukishika kitu chenyewe, kukitambua na kukitengeneza bila ya kujiumiza? Mfano utakaotumika ni mdogo kwa makusudi. Ni ile sehemu ya pikipiki inayozungushwa kwa mkono wa kulia ili injini iongeze au ipunguze mwendo, na hasa hitilafu yake iliyo maarufu, yaani kukwama au kuchelewa kurudi inapoachiwa.

Msomaji asidhani kuwa jambo hili ni la mzaha. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa leseni kwa pikipiki za kubeba abiria nchini Tanzania, chombo hiki kimekuwa riziki ya vijana wengi na tegemeo la wasafiri wa mijini na vijijini. Chombo kisichopunguza mwendo pale mwendeshaji anapotaka kipunguze ni hatari kwake, kwa abiria wake na kwa apitaye kando ya njia. Kwa hiyo maneno yanayoeleza hitilafu hiyo yana uzito sawa na spana inayoirekebisha.

Sababu ya kuandika ni kijitabu kimoja cha maelekezo kilichotolewa pamoja na pikipiki mpya, chenye sehemu ya Kiswahili. Aliyeniletea ni mtoto wa jirani yangu hapa Morogoro, kijana mwendesha bodaboda, naye alikuja bega likiwa limefungwa kitambaa. Alikuwa amevunjika mtulinga. Resi ilikuwa imegoma kurudi alipokuwa akiteremka mlima, akaishia mtaroni. “Shikamoo Mwalimu,” alisema, “mimi nilikifuata kitabu kila asubuhi. Niambie nilikosea wapi.” Nilikisoma kijitabu kile mara tatu, kisha nikakipeleka kwa fundi wake. Yafuatayo ni matokeo ya usomaji huo. Mtengenezaji na mfasiri sitawataja, kwa kuwa makosa haya si yao peke yao. Yanaonekana katika maandishi mengi ya kiufundi yaliyofasiriwa kwa haraka.

2. Kitu chenyewe na kazi yake

Kabla ya kuhakiki majina yafaa tukieleze kitu. Katika pikipiki ndogo zenye kabureta, mwendeshaji anapouzungusha mkono wa kulia wa usukani, huvuta waya uliomo ndani ya ganda. Waya huo hunyanyua kipande cha chuma chenye umbo la kopo dogo kilichomo ndani ya kabureta. Kipande hicho kikinyanyuka, njia ya hewa hupanuka, hewa nyingi zaidi hupita pamoja na petroli, na injini huongeza mwendo. Mwendeshaji akiachia mkono, springi iliyo juu ya kipande hicho hukisukuma chini, njia hujifunga, na mkono hurudi mahali pake. Katika pikipiki zisizotumia kabureta, kazi hiyo hiyo hufanywa na kisahani kinachojigeuza katika njia ya hewa.

Hivyo basi mna mambo manne yaliyofuatana: mkono, waya, kipande kinachofungua na kufunga njia ya hewa, na springi. Hitilafu yaweza kuwa katika lolote kati ya hayo. Mkono waweza kuwa mzito kwa uchafu, au kwa raba yake kusugua mwisho wa bomba la usukani, au kwa usukani kupinda baada ya kuanguka. Waya waweza kuwa mkavu, wenye kutu, uliokunjamana au uliobanwa chini ya tangi. Tena waweza kuwa umeanza kukatika nyuzi zake, na nyuzi hizo zikashika ganda. Kipande cha ndani ya kabureta chaweza kuwa na vumbi, mikwaruzo, au utando ulioachwa na petroli iliyokaa muda mrefu. Springi nayo yaweza kuwa imechoka au imekaa vibaya.

Maelezo yanayofaa ni yale yanayomwezesha msomaji kupambanua mambo hayo manne. Sasa na tuone kijitabu chetu kinafanya nini.

3. Kosa la kwanza: jina moja kwa vitu viwili

Katika Kiingereza kifaa tunachokizungumzia huitwa “throttle”, neno lenye asili moja na jina la koo, na ambalo kama kitenzi maana yake ni kukaba. Jina hilo lina historia yake: katika mitambo ya mvuke kifaa cha namna hiyo kilizuia mvuke usipite kwa wingi, na aliyekitazama alikiona kama mtu aliyekabwa. Lakini katika kabureta hiyo hiyo kuna kifaa kingine, kinachotumika injini inapokuwa baridi, nacho Kiingereza hukiita “choke”, neno ambalo pia maana yake ni kukaba. Mwingereza hachanganyikiwi, kwa sababu ana maneno mawili. Mfasiri wetu alifungua kamusi, akakuta maana moja kwa maneno yote mawili, akaandika “kikaba” huku na “kikaba” kule.

Matokeo yake ni haya. Katika ukurasa wa matayarisho ya asubuhi, kijitabu kinaagiza: “Kabla ya kuwasha, hakikisha kikaba kimefunga na kinarudi chenyewe.” Hapo kilichokusudiwa ni mkono wa resi. Kurasa mbili mbele, chini ya picha ya kijiti kilicho kando ya kabureta, tunasoma: “Injini ikiwa baridi, funga kikaba.” Hapo kilichokusudiwa ni kifaa cha kuwashia wakati wa baridi, ambacho mafundi wetu hukiita choki. Kijana yule alifanya kile ambacho msomaji yeyote mwenye akili angefanya: alikitafuta kikaba katika picha, akakiona, na kila asubuhi akakifunga. Maneno “kinarudi chenyewe” aliyadhani kuwa ni makosa ya wapiga chapa. Kwa namna hiyo ukaguzi wa usalama uliokuwa muhimu kuliko yote haukufanyika hata siku moja. Kwa muda wote huo nyuzi za waya zilikuwa zikikatika moja moja karibu na mkono, mahali ambapo zamu mbili za kuzungusha na kuachia injini ikiwa imezimwa zingeweza kuonyesha kasoro.

Aidha, kijitabu hicho hakikuridhika na kuviita vitu viwili kwa jina moja. Mkono wenyewe kimeuita “kikaba” mahali pamoja, “mpini wa kasi” mahali pengine, na “kishikio cha gesi” mahali pa tatu. Jina hili la mwisho limetokana na mazoea ya Wamarekani ya kuiita petroli kwa neno linalofanana na gesi. Msomaji wa Kiswahili akisikia gesi hufikiri mtungi wa kupikia.

4. Kosa la pili: kunata si kukwama

Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa gundi inayoshika karatasi na kwa mlango uliokataa kufunguka. Kiswahili hakina umaskini huo. Sisi tuna kunata na tuna kukwama, na kila mtoto anajua tofauti yake. Ubwabwa hunata, gari hukwama. Kinachonata huvutika kwa shida lakini huvutika. Kilichokwama hakiendi mbele wala nyuma.

Mfasiri wetu ameandika kunata kila mahali: “ikiwa mpini wa kasi unanata, paka mafuta”. Kwa kufanya hivyo ameipoteza tofauti ambayo Kiswahili kilimpa bure, na ambayo fundi anaihitaji mno. Mkono unaorudi polepole, yaani unaonata, mara nyingi una uchafu au ukavu, na dawa yake ni kusafisha na kutia oili nyepesi. Mkono uliokwama, ambao hubaki pale ulipoachwa, yafaa ushukiwe kuwa na jambo kubwa zaidi: nyuzi za waya zilizokatika, waya uliobanwa, au kipande cha kabureta kilichokwaruzika. Waya uliokatika nyuzi hauponi kwa oili. Hapana budi ubadilishwe.

Hata neno “mafuta” katika agizo hilo lina utata. Mafuta yaweza kuwa petroli, oili au grisi. Grisi nzito ndani ya ganda la waya hukusanya vumbi, na baada ya muda mfupi waya huwa mzito kuliko ulivyokuwa. Msomaji aliyepaka grisi kwa kutii kijitabu ameizidisha hitilafu aliyotaka kuiondoa.

Kuna na hali ya tatu ambayo kijitabu hakikuitaja kabisa. Yawezekana mkono umerudi, waya umelegea, na kipande cha kabureta kimeshuka, lakini injini bado inanguruma kwa nguvu. Hiyo si resi iliyokwama. Huenda hewa inaingia penye ufa wa mpira unaounganisha kabureta na injini, au skrubu ya kurekebisha mngurumo wa chini imekazwa kupita kiasi. Mtu asiyekuwa na jina la kuitofautisha hali hii atabadilisha waya mzima bila faida.

5. Kosa la tatu: mchezo unaotakiwa na mchezo usiotakiwa

Kosa hili ndilo lililomchekesha fundi, kisha likamkasirisha. Kijitabu kinasema: “Mpini wa kasi uwe na mchezo wa milimita 2 hadi 6.” Maana iliyokusudiwa ni njema. Mkono wa resi lazima uzunguke kidogo kabla ya kuanza kuvuta waya. Bila ya nafasi hiyo, usukani ukikatwa upande mmoja waya hukazwa, na injini hupanda mwendo pasipo mtu kugusa kitu.

Lakini katika gereji zetu kitenzi kucheza kina maana yake maalumu. Fundi akisema “beringi inacheza” au “tairi linacheza”, anataja ugonjwa. Kinachocheza hukazwa mpaka kiache. Fundi aliniambia: “Mwalimu, kijana wangu wa kazi alisoma mchezo, akaukaza waya mpaka mchezo ukaisha. Pikipiki ikawa inanguruma yenyewe kila ikikata kona. Aliyeandika haya hajawahi kushika spana.”

Tazama basi jinsi neno moja lilivyogeuka kuwa kinyume chake. Kijitabu kiliagiza ulegevu, na msomaji akauondoa, naye akiamini kwamba ametii. Hatuwezi kumlaumu. Neno mchezo si geni wala si gumu. Kosa ni kwamba lilikuwa tayari na mwenyewe. Anayefasiri bila ya kwenda gereji hana njia ya kulijua hilo, kwa kuwa maana hiyo hutamkwa zaidi kuliko inavyoandikwa.

6. Je, lugha ya mafundi inatosha?

Msomaji aweza kusema: basi tuziache istilahi zote mikononi mwa mafundi. Rai hii ina ukweli mwingi. Neno bodaboda lenyewe halikuundwa na kamati yoyote. Lilianzia kwa wabeba abiria wa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, likaenea kwa miguu yake lenyewe, na leo halihitaji ufafanuzi. Vivyo hivyo neno resi, ambalo kwingineko lina maana ya mashindano ya mbio, limekubaliwa na mafundi kuwa jina la mwendo wa injini unaoongezwa kwa mkono. Kupiga resi, kushusha resi, waya wa resi: haya yanaeleweka mara moja. Tena yana ubora mmoja ambao kikaba hakina. Kikaba kinataja kuzuia, na resi inataja kuongeza, yaani jambo lile ambalo mkono unalihisi na sikio linalisikia.

Hata hivyo lugha ya gereji nayo ina mapungufu, na mhakiki hatakuwa mwadilifu akiyaficha. Kwanza, wapo wasemao “ongeza mafuta” au “ongeza moto” kwa maana ya kuongeza resi. Maneno hayo hayana madhara fundi na mwenzake wanapotazamana. Yakiandikwa, “ongeza mafuta” ni kwenda kituoni kujaza tangi. Pili, kipande kinachopanda na kushuka katika kabureta wengi hukiita pistoni, kwa sababu ya umbo lake. Lakini injini ina pistoni yake, na mteja akiambiwa “pistoni imekwaruzika” atashtuka kwa gharama isiyokuwapo. Tatu, usemi “resi imekwama” hutumika kwa hali zote tatu tulizozitaja katika sehemu ya 4. Fundi hufahamu kwa kugusa, ila aliye mbali na fundi hubaki gizani.

Hapa ndipo kazi ya msanifu inapoonekana. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na kamusi za kiufundi zilipoanza kutolewa, ikiwamo ile aliyoiandaa Rajmund Ohly mwaka 1987, haja iliyokuwapo ilikuwa kuwapatia watenda kazi maneno ya kutendea kazi. Haja hiyo haijakwisha. Msanifu hana sababu ya kumnyang'anya fundi neno lake lililo zuri. Kazi yake ni kuziba pengo pale neno moja linapobeba mizigo mitatu.

7. Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, napendekeza yafuatayo yafikiriwe:

(a) Resi libaki kuwa jina la mwendo wa injini unaoongezwa na kupunguzwa na mwendeshaji. Kutokana nalo tupate mkono wa resi na waya wa resi.

(b) Kilango kiwe jina la kile kinachofungua na kufunga njia ya hewa, kiwe kipande cha kupanda na kushuka au kisahani cha kujigeuza. Neno hili halitegemei umbo, na kwa hiyo litafaa kwa pikipiki zenye kabureta na zisizo nayo.

(c) Choki libaki kwa kifaa cha kuwashia injini baridi. Kikaba kiachwe katika vifaa vyote viwili.

(d) Kunata litumike kwa mkono unaochelewa kurudi, na kukwama kwa mkono usiorudi. Injini inayonguruma ilhali kilango kimefunga isemwe kuwa inapanda resi yenyewe.

(e) Nafasi ya waya litumike kwa ulegevu unaotakiwa, na kucheza tuliache kwa ulegevu ulio kasoro.

Ili mapendekezo haya yasiwe maneno matupu, nimejaribu kuyaandika upya maelekezo ya kijitabu kwa kuyatumia:

“Kila asubuhi, injini ikiwa imezimwa, zungusha mkono wa resi mpaka mwisho, kisha uachie. Fanya hivyo usukani ukiwa umenyooka, halafu ukiwa umekatwa kushoto, halafu kulia. Kila mara mkono urudi wenyewe kwa haraka. Ukinata au ukikwama, usiendeshe. Ikiwa hitilafu hutokea usukani ukikatwa tu, chunguza mahali waya wa resi unapopita. Huenda umebanwa au umevutwa. Vinginevyo, utoe waya kwenye mkono wa resi. Mkono peke yake ukiwa mzito, uvue, safisha bomba la usukani, na uangalie raba isisugue mwisho wa bomba. Mkono ukiwa mwepesi, utoe waya na upande wa kabureta, uuvute kwa vidole. Ukiwa na uzi hata mmoja uliokatika, badilisha waya. Ukiwa mkavu tu, uninginize, utie oili nyepesi kwa juu mpaka itokeze chini, isipokuwa kama mtengenezaji ameagiza waya wake usitiwe oili. Waya ukiwa mzima, fungua kifuniko cha kabureta injini ikiwa imepoa na mbali na moto, utoe kilango, ukisafishe, uangalie mikwaruzo na springi. Ukikirudisha, mfuo wake ukae sawasawa na pini iliyo ndani. Mwisho, rekebisha nafasi ya waya iwe milimita 2 hadi 6 kwenye ukingo wa mkono wa resi. Washa injini, ukate usukani kushoto na kulia; injini isipande resi yenyewe.

“Mkono wa resi ukikwama njiani, bana klachi mara moja, zima injini kwa swichi ya usukani, au kwa ufunguo ikiwa swichi haipo, kisha tumia breki mpaka usimame. Injini italia sana ukibana klachi. Usiogope, kwani wakati huo haiisukumi pikipiki.”

Nilimsomea fundi maelekezo haya. Alinisahihisha mahali pawili, nami nimeyaandika kama alivyosahihisha. Kijana aliyevunjika mtulinga aliyasoma mwenyewe, akaenda kwenye pikipiki yake akiwa na mkono mmoja mzima, akafanya ukaguzi wa asubuhi bila ya kuuliza swali.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kijitabu kimoja kimevunja kanuni tatu za istilahi: kimeviita vitu viwili kwa jina moja, kimetupa tofauti iliyokuwamo tayari katika lugha, na kimechukua neno la mafundi kwa maana iliyo kinyume cha matumizi yao. Makosa yote matatu yangegunduliwa kwa saa moja ya kukaa gerejini na kumsomea fundi yale yaliyoandikwa.

Kwa hiyo napendekeza, pamoja na orodha iliyotangulia, utaratibu mmoja. Maandishi yoyote ya kiufundi yanayohusu usalama yasipitishwe mpaka mtu mmoja anayekitumia chombo ameyasoma na kuyatenda mbele ya mfasiri. Wasomaji walio karibu na gereji za Tanga, Mwanza, Mombasa, Bujumbura na kwingineko wanaombwa waeleze maneno yatumikayo huko kwa kilango, kwa nafasi ya waya, na kwa injini inayopanda resi yenyewe. Yakipatikana yaliyo bora kuliko haya, haya na yaachwe.